Nataka kubadilisha cheni na sproketi za Boxer mwenyewe, ninunue spana zipi?

mkulima_wa_kilosa

Habari za saa hizi wakuu. Nina piki ya Boxer BM150, niliichukua kwa mtu ikiwa imeshatumika, sasaivi cheni imefika mwisho, zile ajasta za nyuma nimezivuta mpaka hakuna tena pa kuvuta na bado inalegea, nikifunga gunia la mahindi nyuma nikaanza kupanda kilima inaruka kakakaka mpaka naona aibu mbele za watu. Nimeangalia sproketi kubwa meno yote yameinama upande mmoja na ncha zimechongoka, ya mbele sijaiona ila nadhani hali ni hiyo hiyo.

Sasa shida yangu sio spea, spea nitapata. Shida ni kwamba huku nilipo fundi ni mmoja na vifaa vyake ni nyundo, tindo na spana malaya, basi. Mara ya mwisho alifungua kava la sproketi ya mbele akazila skrubu mbili, vichwa vyake saivi ni duara tupu, na nati ya ekseli nayo pembe zimeanza kuisha. Nimechoka. Mwezi huu nashuka Dar kwenye harusi ya binamu, nitapita Kariakoo pale Gerezani ninunue vifaa vyangu nirudi navyo nifanye mwenyewe nyumbani, kazi ya mikono siogopi.

Ila nikiingia dukani sijui niseme nataka nini. Najua watanitolea lile boksi la vipande mia na ushee ambalo nusu yake sitaligusa maisha yangu yote. Naombeni mnitajie vifaa vinavyohitajika kweli kwa kazi hii ya cheni na sproketi, na kile kifaa cha kukatia cheni ni lazima ninacho au kuna namna? Asanteni.

fundi_igoma

Mkuu karibu. Kwanza usinunue kitu chochote kabla hujachukua vipimo vya piki yako mwenyewe, narudia, piki YAKO. Hizi piki zikishapita mikono miwili mitatu nati zinabadilishwa, unakuta kiwandani ilikuja saizi hii mtu akafunga ya SanLG au ya Toyo, ukinunua kwa kusikia huku utarudi Kilosa na spana ambayo haiingii. Azima spana kwa huyo fundi wako siku moja, jaribisha kwenye kila nati na bolti ya hii kazi, andika namba kwenye karatasi. Nati ya ekseli ya nyuma upande wa kulia na kushoto (na kichwa cha ekseli chenyewe, maana upande mmoja unashikilia mwingine unazungusha), ajasta za cheni, ule mkono wa breki unaoshika habu, bolti ya pedeli ya gia, kava la sproketi ya mbele na bolti za sproketi hiyo yenyewe, halafu nati 4 za sproketi kubwa. Hizo ndo za muhimu.

Kwa uzoefu wangu piki za cc 100 mpaka 150 utakuta 8 na 10 kwenye kava na pedeli ya gia, 12 au 13 au 14 kwenye sproketi kubwa na mkono wa breki, na ekseli inacheza kati ya 17 na 24. Kwaiyo ukinunua mafungu haya umemaliza:

Boksi spana chache za kuchagua moja moja, sio seti nzima, na zile ziwe za pembe 6 ndani, usichukue za pembe 12. Za pembe 12 zinashika kwenye kona tu na nati yako ushasema imeanza kuisha, itaimaliza. Pembe 6 inashika ubapa.

Mkono wake mrefu wa kuvunjia nati, ule usio na mlio. Racheti nzuri ila ya bei rahisi meno yake ya ndani yanasagika ukiipanda na bomba kwenye nati ya ekseli. Mkono mnene hauna cha kusagika. Kama hela inabana chukua spana T ya saizi zile ndogo, mafundi wengi wa boda ndo tunazotumia siku nzima.

Ringi spana ya saizi ya ekseli kwa upande wa pili. Plaizi ya mdomo mrefu kwa ajili ya klipu ya cheni na vile vipini vya kukunja (vinavyozuia nati isilegee). Bisibisi bapa imara na nyundo, hizo najua unazo. Brashi ya waya, na tepu ya kupimia.

Na hiyo shida yako ya skrubu zilizoliwa, kuna bisibisi ya kugonga, ile nene ya chuma unaiweka kwenye skrubu unaipiga na nyundo kwa juu inageuka yenyewe kidogo huku inakandamiza. Hii ndo dawa. Skrubu za nyota za kava haziliwi kwa sababu ni laini, zinaliwa kwa sababu mtu anazungusha bila kukandamiza, bisibisi inapanda juu inatoka na nyama. Kama zimekuwa duara kabisa kata mfereji kwa msumeno wa chuma au diski nyembamba ya grainda, halafu weka bisibisi bapa kwenye hiyo ya kugonga. Ukishazitoa usirudishie hizo hizo, nunua bolti za alenki saizi hiyo hiyo na urefu huo huo uzifunge, hutakaa usumbuke tena.

Ya kukatia cheni nitaandika baadae nina mteja hapa.

kijana_wa_mjini

Mi naona unajisumbua bro. Mpe fundi wa mjini elfu kadhaa anakufungia nusu saa unanywa soda. Hela ya hivyo vifaa si unabadilisha cheni mara tano?

mkulima_wa_kilosa

@kijana_wa_mjini fundi wa mjini yuko mjini mkuu, mimi niko ndani huku, kufika kwake natembea na cheni inayoruka barabara ya vumbi na ikikatika njiani ikajikunja mbele inavunja kava la injini. Na vifaa havitakaa kusubiri cheni tu, pampu ya maji, jembe la trekta la jirani, baiskeli za watoto, vyote vinafunguliwa kwa spana.

@fundi_igoma asante sana mzee wangu, nasubiri hiyo ya kukata.

fundi_igoma

Nimerudi. Cheni ya kukata iko hivi. Piki zetu hizi ndogo nyingi zinatumia cheni ya 428 (ni namba ya saizi) yenye kiungo cha klipu. Ukiikagua ile cheni yako pingili kwa pingili utakuta moja ina kibati kidogo cha chuma juu kimebana pini mbili, hiyo ndo klipu. Kuitoa huhitaji kifaa cha kukatia. Unaweka plaizi mdomo mmoja kwenye pini mdomo mwingine kwenye mkia wa klipu ulio wazi unabana, inateleza inatoka. Kuirudisha ni kinyume chake. Kwaiyo kutoa cheni ya zamani na kuvaa mpya, plaizi inatosha.

Kifaa cha kukatia kinakuja kuhitajika cheni mpya ikiwa ndefu. Na mara nyingi inakuwa ndefu, maana dukani wanauza ya urefu wa kufaa piki nyingi. Hapo hesabu pingili za cheni ya zamani (usipime kwa kulaza sambamba maana ya zamani imeshaongezeka urefu, utadanganyika) halafu kata mpya ibaki na idadi hiyo hiyo. Idadi lazima igawanyike kwa mbili, sababu cheni ina pingili nyembamba na pana zinapishana, na kiungo cha klipu kinaunganisha nyembamba mbili.

Kukata: kile kifaa kidogo kina sindano inasukuma pini itoke. Vya bei rahisi sindano inavunjika mara ya kwanza tu kama utasukuma pini ilivyo, kwa sababu kichwa cha pini kimepondwa kiwandani kisitoke. Kisage kwanza kile kichwa kwa grainda au tupa mpaka kiwe sawa na bamba, ndo usukume, inatoka kama imepakwa mafuta. Kama kuna grainda kwa mchomelea vyuma wa hapo kwenu, ukishasaga vichwa viwili unaweza kuzitoa pini kwa panchi na nyundo juu ya nati kubwa au kipande cha bomba, kifaa cha kukatia hukihitaji. Ila kwa tindo HAPANA. Tindo inapinda mabamba ya jirani na pingili inakuwa ngumu, ukizungusha cheni unaona pahali inakataa kunyooka.

nduthi_eldoret

Sasa buda, nakusalimu kutoka Eldoret. Huyu fundi amesema vizuri sana lakini amesahau kitu moja ambayo watu wengi hulia nayo: MPANGILIO. Legeza sproketi ya mbele kabla hujatoa cheni. Ukishatoa cheni ndio ukumbuke mbele, shafti inazunguka tu na wewe, hakuna ya kuishika, ndio unaona watu wanaweka bisibisi kwenye meno wanavunja kava ya injini.

Fanya hivi. Nduthi (piki) ikiwa chini kwa magurudumu yote mawili, cheni ikiwa bado imevaa, fungua kava ya mbele, ingiza gia ya kwanza, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, sasa legeza bolti za sproketi ndogo. Hizi ndogo zetu nyingi hazina nati kubwa katikati, zina kibamba chembamba chenye meno kama ya shafti na bolti mbili ndogo za 10. Zikitoka hizo mbili unazungusha kile kibamba kidogo mpaka meno yake yaelekeane na mifereji ya shafti, kinavuka kinatoka, na sproketi inafuata. Wengi hukivuta tu kwa nguvu wanashangaa mbona hakitoki, na hapo mbeleni watatumia nyundo. Zungusha kidogo!

Kisha legeza nati ya ekseli hapo hapo chini kabla ya kuweka dabo stendi. Ukiiweka juu ya stendi halafu uanze kuvuta spana ndefu, nduthi inakuangukia. Nimeona kwa macho.

Na kuhusu spea, kwetu ukienda Nairobi ni Kirinyaga Road kule, seti inauzwa pamoja cheni na sproketi mbili ndani ya boksi moja. Chukua seti. Usichukue cheni pekee ukavalisha sproketi za zamani.

boda_mstaarabu

Hiyo ya seti mimi nabisha kidogo. Sisi vijiweni tunabadilisha cheni tu, sproketi kubwa unaigeuza upande wa pili inaanza upya. Mbona inatembea.

fundi_igoma

Inatembea ndio, kwa muda gani? Cheni ikichakaa umbali kati ya pini na pini unaongezeka, na sproketi nayo inaliwa kufuata huo umbali mpya. Ukivalisha cheni mpya kwenye meno yaliyoliwa mzigo unabebwa na meno machache badala ya kugawana, na cheni mpya inavutika haraka kuifuata sproketi. Kwaiyo ulichookoa kwenye sproketi unakitoa kwenye cheni. Kugeuza sproketi kubwa kunawezekana kama ni bapa pande zote, lakini nyingi zina kina au maandishi ya upande mmoja, ukigeuza mstari wa cheni unahama unaenda pembeni. Na ya mbele hugeuzi ukapona, maana hiyo ndo inayoliwa zaidi, meno machache yanapigwa mara nyingi.

Kama unataka kujua kwa hakika cheni imeisha au bado usitumie macho. 428 umbali wa pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ivute iwe imenyooka upande wa chini, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21, hapo ni nafasi 20. Mpya inasoma milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, hata kama inang'aa. Pima sehemu tatu nne maana haichakai sawa.

mkulima_wa_kilosa

Nimetoka kupima saivi hivi na tepu ya fundi cherehani (mke wangu kanisema). Kuna sehemu inasoma 260 na kuna sehemu 262. Kwaiyo hakuna mjadala.

Swali lingine, nimeona mitandaoni watu wana kifaa cha kuponda pini na kuna cheni hazina klipu kabisa, je na mimi ninunue hicho?

msafiri_arusha

Hapo naweza kujibu maana mimi natumia piki kubwa yenye cheni ya 520. Jibu fupi kwako ni hapana usinunue.

Jibu refu, namba za cheni zinasomeka hivi: tarakimu ya kwanza ni umbali wa pini kwa sehemu za nane za inchi, 4 ni nne ya nane yaani nusu inchi, 5 ni tano ya nane. Mbili za mwisho zinaelezea upana wa ndani. 420 na 428 zina umbali sawa wa pini ila 428 ni pana zaidi, ndo maana cheni ya 428 inaweza kukaa kwenye sproketi ya 420 ikawa inacheza cheza kushoto kulia, na ya 420 haiingii kwenye sproketi nene ya 428. Dukani angalia namba iliyogongwa kwenye bamba la cheni na kwenye sproketi, zifanane. Wauzaji wengine wanakwambia inaingia tu hii.

Sasa kwenye piki zenye nguvu kubwa klipu inaweza kuruka kwa mwendo, kwaiyo wanatumia kiungo cha kupondwa, pini zina tundu mbele na kifaa kinazipanua ncha zake kiasi maalumu, ukizidisha zinapasuka ukipunguza zinachomoka. Hapo ndo unahitaji kifaa kizuri cha kukata, kukandamiza bamba na kuponda, vyote kwenye kifaa kimoja, na bei yake inauma. Pia cheni zetu za piki kubwa zina vipete vya mpira kati ya mabamba vinavyotunza grisi ndani, ukisafishia petroli mipira inakauka inakufa. Sisi tunasafishia mafuta ya taa na brashi laini, tunafuta, tunapaka oili nzito ya gia.

Boxer na klipu ni ndoa halali. Tena kiungo kimoja cha klipu cha akiba nunua uweke chini ya siti pamoja na plaizi, siku ukikatikiwa porini utanikumbuka.

Jambo la klipu ambalo ni la muhimu kuliko spana zote: upande uliofungwa, ule wa mviringo, uelekee mbele kule cheni inakokwenda. Mkia wazi uwe nyuma. Ukiwa umeishika cheni upande wa JUU ya foki ya nyuma (ile mikono miwili inayoshika tairi), upande uliofungwa uelekee injini. Ukigeuza, kijiti au jiwe likigusa mkia linaisukuma klipu inatoka. Mimi baada ya kuivaa naigusa kwa kucha kote kuhakikisha imekaa ndani ya mifereji ya pini zote mbili, wakati mwingine inaonekana imeingia kumbe pini moja imeiruka.

dada_wa_HLX

Samahani naingilia mada. Mi naendesha TVS HLX kupeleka maziwa, cheni yangu iko ndani ya kava zima la bati huwezi kuona kitu. Kuna namna ya kubadilisha bila kufungua hilo kava lote? Maana bolti zake zimeshika kutu.

fundi_igoma

Dada yangu kuna ujanja. Kama unabadili cheni pekee, toa klipu, usiivute cheni ya zamani ikatoka, iunganishe ncha yake na ncha ya mpya kwa kile kiungo, halafu zungusha tairi taratibu, ya zamani inatoka huku inaivuta mpya inapita njia yote yenyewe mbele na nyuma. Piki iwe huru, haina gia.

Ila kama na sproketi zinabadilishwa hakuna ujanja, kava litafunguka tu. Bolti zenye kutu zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, ziache zilale, asubuhi zigonge kichwa kwa nyundo kidogo kabla ya kuweka spana. Kaza kwanza nywele moja halafu ndo ulegeze, kutu inavunjika kirahisi zaidi hivyo.

Na wote mnaosoma hapa, ukizungusha tairi na cheni fanya kwa MKONO. Kuna watu wanawasha piki kwenye dabo stendi wanaweka gia ya kwanza wanashika kitambaa wanafuta cheni. Kitambaa kinaingia kwenye sproketi na kidole kinafuata, inatokea kabla hata hujasema eh. Injini izimwe.

dada_wa_HLX

Asante fundi. Ya gia ya kwanza nilikua naifanya kila jumapili 😬

boda_mstaarabu

Nauliza na mimi, nikiweka sproketi ya mbele yenye meno zaidi si napata spidi? Na mafuta yanapungua?

msafiri_arusha

Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. Mfano tu, 42 kwa 14 unapata 3.0. Ukiweka 15 mbele unapata 2.8, ukiweka 13 unapata 3.23 na kidogo. Namba ikishuka injini inazunguka taratibu kwa mwendo ule ule lakini kuvuta mlimani inakuwa shida, na ukibeba abiria wawili utashusha gia kila mara, hayo mafuta unayodhani umeokoa yanaishia hapo. Mbele kubadilisha jino moja kunabadili sana kuliko nyuma jino moja. Kwa mtu wa magunia kama mleta mada abaki na idadi ya kiwandani, na asikubali dukani wampe seti yenye meno tofauti eti ndo iliyopo.

mkulima_wa_kilosa

Wakuu nimerudi na mrejesho. Gerezani nilifika. Yule wa duka la kwanza akanitolea lile boksi kubwa kama nilivyosema, nikamwonyesha karatasi yangu yenye namba akanyamaza. Nimenunua boksi nne za pembe 6, mkono mrefu, ringi mbili, plaizi ndefu, na ile bisibisi ya kugonga ambayo kwa kweli ndo imenifurahisha kuliko vyote, skrubu moja ilitoka kwa pigo la pili tu, ile nyingine ikabidi kukata mfereji. Kifaa cha kukatia sikununua, mchomelea wa kijijini ana grainda, kasaga vichwa viwili nikatoa pini kwa panchi juu ya kipande cha bomba.

Kile kibamba cha mbele ndugu yangu wa Eldoret Mungu akubariki, nilikizungusha kikatoka bila ugomvi. Kulikuwa na udongo na grisi ngumu kwenye kava la mbele kiasi cha kujaza kikombe, nimetoa kwa kijiti na mafuta ya taa. Sproketi ya mbele meno yake ni sindano.

Sasa imefunga vizuri, haipigi kelele ya kuruka. Ila nikiwa peke yangu iko kimya kabisa, nikifunga gunia naisikia inavuma, wiiiiii, na mwendo unakuwa mzito. Tairi nimelinganisha kwa zile alama za ajasta kushoto na kulia ziko sawa. Nini hiyo?

fundi_igoma

Hongera sana. Hiyo umeikaza mno.

Watu wengi wanapima ulegevu piki ikiwa tupu wanaona pazuri. Cheni haikai urefu mmoja, piki ikishuka nyuma kwa mzigo ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele, kwaiyo cheni inazidi kukaza. Tupu unaona sawa, na gunia inakuwa waya wa gitaa. Ikiendelea hivyo inakula beringi za habu na beringi ya shafti ya mbele, na oili sili ya pale inaanza kuvuja, hapo ndo gharama yenyewe. Cheni iliyolegea kidogo haina madhara makubwa, iliyokaza inaua vitu vya ghali.

Piki nyingi za saizi hii ulegevu ni milimita 20 mpaka 30 katikati ya upande wa chini, kupanda na kushuka jumla. Angalia stika ya kwenye kava la cheni kama bado inasomeka fuata hiyo. Zungusha tairi taratibu utakuta kuna sehemu cheni inakaza kuliko nyingine, pima HAPO kwenye iliyokaza. Wewe wa magunia kaa kwenye 30. Halafu mtu mzito akae juu na mzigo uwe umefungwa, shika cheni kwa mkono, lazima icheze kidogo. Isipocheza legeza tena.

Na alama za ajasta usiziamini moja kwa moja, za kiwandani zenyewe zinapishana. Chukua tepu pima kutoka katikati ya bolti inayoshika foki mpaka katikati ya ekseli, kushoto na kulia, zilingane.

Wakati wa kukaza nati ya ekseli mara ya mwisho, ingiza mpini wa bisibisi au kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi kubwa upande wa juu, zungusha tairi kinyume kidogo mpaka kikwame, hiyo inavuta ekseli mbele ikae imebana kwenye ajasta, ndo ukaze nati. Bila hivyo nati ikikaza inasogeza ekseli na kipimo chako chote kinahama. Halafu kitoe hicho kitambaa kabla hujasukuma piki!

Kipini cha kukunja cha kwenye nati ya ekseli na kwenye mkono wa breki umeweka vipya? Vya zamani vikikunjwa mara ya pili vinakatika.

mkulima_wa_kilosa

Cha ekseli kipya, cha mkono wa breki nilirudishia cha zamani. Nabadilisha leo leo. Na cheni nalegeza saivi kabla sijaenda mashineni.

nduthi_eldoret

Na ukishaendesha siku chache angalia tena ulegevu, seti mpya hujilaza mwanzoni. Kaza na zile nati nne za sproketi kubwa pia, na kama zina washa za kukunja hakikisha umezikunjia kwa nati. Hapo kwa sproketi kubwa uliangalia raba za habu? Kama ukishika sproketi unaitikisa na inacheza mbele nyuma sana, raba zimekwisha, na hiyo seti mpya haitakaa.

mkulima_wa_kilosa

Inacheza kidogo, sio sana. Raba zake zinauzwa peke yake au na habu nzima?

fundi_igoma

Zinauzwa peke yake, seti ya vipande. Beba moja ya zamani mkononi ukienda dukani.